Steringi alipoegemea ukuta

“Steringi kachoka!”

Aliyepaza sauti ni kijana wa bodaboda, benchi la mbele, helmeti mapajani na gunzi la hindi la kuchoma mkononi. Banda zima likaangua kicheko. Kwenye runinga, mtu mwenye nguo nyeusi na kitambaa kilichomziba macho alikuwa ameegemea ukuta wa korido nyembamba, kifua kinapanda na kushuka, mikono imemlegea kama ya mbeba magunia saa kumi na moja jioni. Majambazi aliokwisha kuwalaza walikuwa wanajikokota kuinuka, mmoja mmoja, naye anawangoja palepale kwa kuwa hana nguvu ya kuwafuata.

Mwenye banda ndiye aliyekuwa anatafsiri, kwa kipaza sauti kilichozungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme. Kwa kawaida mdomo wake haupoi: akiona ngumi anaitaja ngumi, akiona gari anakadiria bei yake. Hapo alinyamaza. Kisha akasema polepole, “Na huyu naye ni mtu, jamani. Mwacheni apumue.”

Kicheko kikakatika. Ukimya ule naukumbuka kuliko ninavyolikumbuka pigano lenyewe.

Ilikuwa Lizaboni, Songea mjini, mwishoni mwa mwaka 2015. Uchaguzi mkuu ulikuwa umepita Oktoba, mabango ya wagombea bado yananing'inia kwenye nguzo, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Umeme wa mji ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, tena kwa mgao. Gridi ya Taifa ilitufikia mwaka 2018 kwa laini ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Kwa hiyo kila mwenye banda la video aliyeijali biashara yake alikuwa na jenereta dogo nje, na sisi watazamaji tulizoea kuchuja mngurumo wake ili tusikie muvi. Kiingilio shilingi 200. Mabenchi ya mbao za mkaratusi, turubai juu, blanketi kuukuu mlangoni kuzuia mwanga na kuzuia watoto, ingawa watoto walikuwa tayari wamo ndani.

Tamthilia yenyewe ni Daredevil. Pale bandani hakuna aliyeiita hivyo. Iliitwa “muvi ya kipofu”. Netflix iliziachia sehemu zake zote 13 kwa mpigo tarehe 10 Aprili 2015. Songea tulizipata miezi kadhaa baadaye, kwenye diski moja iliyonunuliwa kwa mchuuzi wa stendi, picha zimebanwa hadi usiku wa New York ukawa kama masizi ya sufuria. Netflix wenyewe hawakuwa wameingia Tanzania. Tulihesabiwa Januari 2016, walipofungua nchi zipatazo 130 kwa siku moja. Tusidanganyane, tuliyoitazama ilikuwa kopi ya wizi.

Kwa asiyeijua, mkasa ni huu. Matt Murdock ni wakili kijana wa mtaa wa Hell's Kitchen. Alipofuka akiwa mtoto baada ya kemikali kumwingia machoni, lakini masikio, pua na ngozi vikanoleka hadi anasikia moyo wa mtu unavyodunda na kujua kama mtu huyo anadanganya. Mchana yuko ofisini na mahakamani na fimbo yake nyeupe. Usiku anavaa nyeusi, anapanda mapaa ya nyumba na kuwasaka wahalifu. Stan Lee na Bill Everett walimbuni mwaka 1964 kwenye vitabu vya katuni vya Marvel, na akina baba wa Marekani walikuwa na miaka 50 ya kumzoea kabla sisi hatujakutana naye pale Lizaboni.

Sehemu niliyoikuta siku ile ni ya pili. Inaitwa “Cut Man”, jina la yule mtu anayekaa kwenye kona ya ulingo kumziba bondia majeraha kati ya raundi na raundi. Inaanza steringi akiwa ndani ya pipa la taka. Simaanishi amejificha humo. Ametupwa humo, damu zinamtoka, hajitambui. Muuguzi aitwaye Claire Temple anamkokota hadi nyumbani kwake na kumlaza kwenye kochi.

Mwanzo huo peke yake uliwatibua watu. Mzee mmoja wa makamo aliyekuwa anatafuna karanga alimuuliza mwenye banda kama diski haikuanzia mwishoni. Swali la haki kabisa. Kwa sheria za mabanda yetu, steringi hupigwa kidogo mwanzoni ili apate hasira, hupigwa tena katikati ili mashabiki wa adui wafurahi, kisha mwisho anamaliza kazi. Hapakuwa na sheria ya kumkuta kwenye taka dakika ya kwanza.

Nina jirani, mama mmoja muuguzi mstaafu, niliyemsimulia kesho yake tulipokutana kwenye genge la mboga. Nilitarajia acheke. Nilipofika pale Claire anapogundua hewa imembana Murdock kifuani na pafu halifanyi kazi, akachukua sindano na kumchoma kati ya mbavu hewa itoke, mama akaweka fungu la matembele chini. “Hilo ni la kweli,” akasema. “Tunalifanya. Mtu anakuwa anakufa unamwona, ukichoma tu unasikia *fyuuu*, anarudi.” Akaniuliza kilichofuata. Nikamwambia usiku uleule mgonjwa aliondoka kwenda kupigana na Warusi. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemruhusu atoke wodini. “Sasa huyo si ushujaa, mwanangu. Huyo ni mgonjwa mkorofi.”

Hapo ndipo lilipo jibu la yule kijana wa bodaboda. Steringi alichoka kwa sababu pafu lake lilikuwa limeacha kufanya kazi saa chache kabla. Waandishi wa tamthilia waliiweka sindano ile kwenye kochi ili tuje kuiona korido kwa macho mengine, na Songea iliiona.

Nitaisimulia korido kidogo, kwani imesimuliwa sana na watu ambao hawajawahi kuitazama kwa shilingi 200. Genge la Warusi limemteka mtoto wa kiume, chambo cha kumnasia Murdock. Mtoto yuko chumba cha mwisho. Kati ya mlango wa kuingilia na chumba hicho kuna korido, taa za rangi ya mkojo, milango kushoto na kulia. Kamera inaingia na haikatwi kwa muda wa kama dakika 3. Inakwenda mbele, inageuka, inarudi. Phil Abraham ndiye mwongozaji, Drew Goddard aliandika, mapigano yalipangwa na Philip Silvera. Murdock anapopotelea kwenye chumba, mara nyingine anayetoka siye Charlie Cox bali Chris Brewster, anayemchezea matukio ya hatari, kitambaa kilekile usoni. Asiyeambiwa hajui. Wajuzi wa sinema watakwambia walijifunza kwa Oldboy, filamu ya Korea ya Kusini ya mwaka 2003, ambamo mtu mwenye nyundo anapambana na umati kwenye korido kama hiyo. Ni kweli, na haiwapunguzii kitu.

Ila kuna jambo ambalo wajuzi hao sijawasikia wakilisema, na mimi nililiona kwa sababu ya aliyekaa pembeni yangu.

Pembeni yangu alikaa mzee kipofu. Alikuwa mteja wa kudumu. Wakati wa kuingia watu walimpisha, “Shikamoo mzee,” naye, “Marahaba, nisogezeeni kwenye spika.” Alikuwa fundi cherehani kabla macho hayajamwacha, na alilipa kiingilio chake kamili; mwenye banda alipojaribu kumsamehe siku moja, alikasirika. Muvi zilizotafsiriwa alizijua kuliko sisi. Aliwataja watafsiri kwa sauti zao kama wengine wanavyowataja waimba taarabu.

Sasa, kwenye korido ile kamera haiingii vyumbani. Inabaki nje kama jirani mwoga. Murdock anamsukuma mtu ndani, mlango unawameza, na sisi tunabaki tunaangalia ukuta. Tunasikia vishindo, mguno, kitu kinavunjika. Kisha oveni ndogo ya maikrowevu inaruka kutoka mlangoni na kumpata mtu kichwani. Katika sekunde zile banda zima lilikuwa kipofu, watu arobaini wameshika pumzi wakijaribu kujua kwa masikio nani anampiga nani. Mzee wangu peke yake alikuwa ametulia. Alikuwa nyumbani. “Bado wawili,” alininong'oneza, na kweli walitoka wawili.

Nilimuuliza baadaye kama aliamini kwamba kipofu anaweza kusikia moyo wa mtu mwingine unavyodunda. Alicheka hadi akakohoa. “Mimi nasikia jenereta tu.”

Na hapa kuna kisa ambacho mzee yule angekipenda, ila sikuwa nakijua wakati huo. Tamthilia hiyo ya shujaa kipofu ilipotoka Aprili 2015, vipofu wa Marekani hawakuweza kuifuata. Haikuwa na sauti ya maelezo, yaani msimulizi anayesema kati ya mazungumzo kinachoonekana: anapanda ngazi, anatoa kisu, anaanguka. Walilalamika hadharani, kwa nguvu, na hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mmetengeneza shujaa kama sisi, halafu mmetufungia nje. Tarehe 14 Aprili, siku nne tu baada ya uzinduzi, Netflix ilitangaza kuanza kuweka sauti hiyo, na Daredevil ikawa ya kwanza.

Kampuni ya mabilioni ya dola ilifika Aprili 2015 mahali ambapo mabanda ya Afrika Mashariki yalikuwa yamefika zamani. Watafsiri wetu hawakuwahi kuishia kwenye maneno ya wahusika. Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Gaspar Mukandala, alijenga jina Dar es Salaam tangu enzi za kanda za VHS kwa kueleza kila kinachotokea, kuongeza chumvi, kumpa Mmarekani jina la mtaa wa Kariakoo ikibidi. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Walioipa kazi hiyo heshima ndogo walidhani ni ya kuwasaidia wasiojua Kiingereza. Ilimsaidia pia fundi cherehani wa Lizaboni, bila kamati wala tangazo.

Turudi kwenye neno steringi, maana ndilo lililobeba ubishi wote wa usiku ule.

Steringi hafi. Msemo huu kila mtoto wa banda anaujua, na kwenye maisha ya kawaida tunautumia kwa mtu aliyenusurika ajali au aliyefukuzwa kazi akarudi. Tumelelewa na masteringi wasiochoka. Wazee wetu wa miaka ya 1960 na 1970 walisoma picha za Lance Spearman kwenye jarida la African Film, jamaa mwenye kofia na sigara aliyechezwa na Jore Mkwanazi. Spear alipigana ukurasa baada ya ukurasa na kofia haikupinda. Waliofuata wakampata Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi anayelala saa mbili, anakunywa, anapigana, anapendwa, na asubuhi yuko kwenye ndege. Nilimpenda Willy Gamba na bado nampenda. Lakini hata siku moja sikuwahi kumwonea huruma, na nadhani Musiba asingependa nimwonee.

Kuna mwingine wa kale zaidi ambaye hakufuata msemo wetu. Fumo Liyongo wa pwani, ambaye Muhammad Kijumwa aliandika utenzi wake mwaka 1913, hakuna silaha iliyomwingia isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyetumwa kumchoma. Liyongo akajikongoja hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafia hapo. Watu wa mji walimwona yuko vile, wakaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai. Maiti ililinda kisima. Hicho ni kipande cha sinema ambacho Hollywood hawajakiweza, nasi tunacho bure.

Kwa hiyo mashujaa wetu wa asili wana tundu. Waliofika kwa deki na diski ndio waliotufundisha kwamba steringi hafi.

Na Songea, kuliko mji wowote ninaoujua, haikupaswa kusahau kwamba shujaa ana tundu. Nenda Mahenge, hapahapa mjini, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, usimame mbele ya kaburi la pamoja. Mwaka 1905 Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa: ukiyanywa na kupakwa, risasi ya Mjerumani itageuka maji. Ndilo wazo kubwa la nguvu za ajabu lililowahi kubuniwa katika nchi hii, na liliwaunganisha watu ambao hawakuwa na lugha moja wala mfalme mmoja. Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, Vita vya Majimaji vikiwa vichanga, lakini dawa iliendelea kusafiri bila yeye. Kwa Wangoni wa Songea ililetwa na mjumbe aitwaye Kinjala, na Mkomanile, mwanamke aliyekuwa mtawala, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuipokea.

Risasi hazikugeuka maji. Wangoni walilijua hilo mapema, kwa kuwaona wenzao wakianguka. Vitabu vya shule huwa vinaishia hapo, kwenye dawa iliyoshindwa, na mwanafunzi anaandika jibu lake na kupata alama. Kinachonishika mimi ni kilichofuata: waliendelea bila dawa. Walihama kutoka mapigano ya ana kwa ana, wakaingia porini, wakavizia, wakahama, njaa ikiwafuata kwa sababu Wajerumani walichoma maghala na mashamba. Nkosi, yaani chifu, Chabruma alipigana hadi mwaka 1906 na mwishowe akavuka kuingia Msumbiji. Tarehe 27 Februari 1906 zaidi ya watu 60 walinyongwa hapa mjini, Nkosi Mputa Gama akiwemo. Masimulizi ya hapa yanasema Wajerumani walitaka kumwacha hai Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano, naye akakataa kuachwa na wenzake. Amezikwa peke yake, na familia yake inasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama palepale Mahenge, akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake na kuahidi kusaidia kukitafuta.

Sijasema kwamba watu wa banda la Lizaboni walimwona Murdock wakamfikiria Songea Mbano. Hakuna aliyemtaja. Walikuwa wanatafuna karanga. Lakini miezi kadhaa baadaye nilimkuta yule kijana wa bodaboda kwenye lango la makumbusho, anamsubiri abiria. Tukakumbushana ile kelele yake. Nikamuuliza kwa nini aliacha kucheka. Alifikiri kidogo, anapangusa kioo cha pikipiki kwa kiganja. “Wale wa kwenye muvi nyingine hawaumii, mwandishi, kwa hiyo hata akiingia si kazi. Yule alikuwa anaumia, halafu akaingia tena.” Abiria wake akatoka, wakaondoka.

Si kila kitu kilipendwa. Kabla ya korido kuna paa. Murdock amemkamata Mrusi mmoja, amemfunga juu ya jengo, na anataka kujua mtoto yuko wapi. Anamchoma kisu karibu na jicho, mahali ambapo Claire, muuguzi wetu yuleyule, anamwelekeza kwamba pana mshipa wa fahamu wenye maumivu makali. Akishasema, Murdock anamtupa kutoka juu, na Mrusi anaangukia pipa la taka, hai lakini kama maiti.

Hapo banda liligawanyika vibaya. Vijana wengi walishangilia. Watu wazima wachache walisonya. Mwenye karanga alisema wakili hawezi kufanya vile, na aliposema wakili alikuwa anamaanisha kweli: mtu aliyesoma sheria, aliyeapishwa. Mwingine akamjibu kuwa mahakamani mtoto angepatikana baada ya miaka sita na mashahidi hawapo. Wakaanza kubishana kuhusu sungusungu. Hilo lilinifurahisha, kwa kuwa ndilo jina sahihi la Daredevil kwa Kitanzania: sungusungu wa mtu mmoja. Waliozaliwa Usukumani na Unyamwezini wanakumbuka sungusungu walivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanaume na mishale na filimbi wakiwafuata wezi wa ng'ombe waliowashinda polisi, hadi mwaka 1989 Serikali ikawatambua kisheria. Walileta usingizi kwa wengi. Walileta pia vipigo, vikongwe walioitwa wachawi, na watu waliokiri makosa ambayo hawakuyafanya ili fimbo iishe. Mtu wa Tanzania anapomwona mwanaume aliyefunika uso akimlazimisha mwingine aseme, hahitaji mhakiki wa New York amweleze kwamba kuna utata.

Mimi niko upande wa mwenye karanga. Paa lile ni sehemu mbovu ya kipande kizuri. Waandishi walitaka tuone ukali, wakatumia mwili wa mtu aliyefungwa. Korido ilionyesha ukali mkubwa zaidi kwa mtu anayehema. Na watoto walikuwepo, mmoja wa kama miaka minane miguuni pangu, mdomo wazi. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu mwaka 1976, Bodi ya Filamu ipo, madaraja ya umri yapo. Blanketi la mlangoni halisomi madaraja. Mwenye banda alifanya alichoweza: Murdock alipoinua kisu, aliacha kutafsiri na kuanza kutangaza kwamba soda ya baridi ipo. Ndiyo udhibiti pekee wa maudhui niliouona ukifanya kazi usiku ule.

Banda lile sasa linaonyesha mpira karibu kila siku. Umeme wa gridi uliua jenereta, simu na vifurushi vikaua nusu ya mabenchi. Machi 2025 Charlie Cox alirudi kwenye Daredevil: Born Again, mara hii chini ya Disney+, na sehemu ya kwanza ikawa na pigano refu la kuonekana halikatwi, kama salamu kwa ile korido. Vijana wa Songea waliiona ndani ya siku chache. Wengine waliwekewa kwenye flashi kwenye maduka ya muvi, wengine waliishusha wenyewe. Nilimkuta mpwa wangu anaitazama kitandani, spika za masikioni zimemziba, kimya. Nikamuuliza inaendaje. “Kali, mjomba,” akasema, bila kuinua macho. Sikupata zaidi ya hapo, na sidhani alinificha kitu. Mtu akitazama peke yake hana wa kumpigia kelele kwamba steringi kachoka.

Ule usiku wa 2015 uliisha hivi. Murdock anafika mlango wa mwisho, anaingia, anatoka na mtoto mikononi. Anapita juu ya wale aliowalaza, anayumba kidogo, anaondoka naye koridoni. Skrini inakuwa nyeusi. Watu walisimama, wakajinyoosha, wakaanza kutafuta ndala zao gizani. Mzee kipofu hakuinuka.

“Yule mtoto alifika nyumbani?” akauliza.

Mwenye banda alikuwa anazima vyombo. Akamwambia, “Hiyo kesho, mzee. Sehemu ya tatu.”

Kesho yake mzee alikuja mapema, akalipa shilingi 200 zake, akakaa karibu na spika. Sehemu ya tatu ya Daredevil inaanzia kwenye ukumbi wa kurusha matufe, mtu mwingine kabisa anauawa, na kesi inayofuata ni ya muuaji huyo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, dakika zote hamsini na kitu. Majina yalipoanza kupanda aligeuza uso kuelekea kwenye kipaza sauti.

“Hapo katikati,” akasema, “mmeruka sehemu.”